Kapasita ya Kumi Niliyoiweka Moa

Mkiniletea kapasita leo, kabla sijavaa miwani kusoma maandishi yake, naiweka kwanza kiganjani na kuipima uzito. Mnacheka. Najua mnasemaje mkishatoka nje: babu anapima kapasita kama anayenunua dagaa. Chekeni tu. Kapasita nene kama kopo la maziwa halafu nyepesi kama kibiriti kitupu, hiyo imevalishwa. Ndani yake mna kapasita ndogo iliyong'olewa kwenye televisheni iliyokufa, ikavikwa kopo kubwa na karatasi mpya yenye namba za kutisha. Nimezipasua nyingi kwa msumeno. Moja nilikuta imejazwa pamba.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaojitengenezea amplifaya nyumbani, hapa Mabawa, kule Pongwe na kwingineko huku kwetu. Mimi banda nimeshafunga. Mkono unatetemeka, na risasi ya kuchomelea nyaya haitaki mkono unaotetemeka. Lakini haipiti wiki bila kijana kubisha hodi: "Shikamoo babu. Niweke kapasita gani, na bei yake isizidi ngapi?" Nimechoka kujibu nusu nusu mlangoni. Leo najibu yote, pamoja na lile ambalo miaka yote nimelizunguka.

Aliyenifundisha kazi ni Ami Seif. Alikuwa na duka la kutengeneza redio Mabawa. Ukoo wao asili yake Omani, na walikuwa na mashamba ya minazi upande wa Moa, karibu na mpaka wa Kenya, lakini yeye minazi haikumwingia moyoni. Alipenda nyaya. Mimi nilikwenda kwake na cheti changu cha kidato cha nne, kanuni za umeme nazijua kwa kichwa. Siku ya kwanza akaniuliza kapasita ni kitu gani. Nikajibu kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama nilivyokariri shuleni.

"Maashallah," akasema. "Sasa niambie kama unayemwambia mamako."

Sikuweza. Akanieleza yeye. Kapasita inayokaa kwenye njia ya sauti ni mlango. Sauti inapita, umeme wa betri unazuiwa. Mlango mwembamba unapitisha sauti nyembamba tu. Ukitaka na zile nzito zipite, panua mlango. Ile kubwa inayokaa kwenye njia ya umeme ni tangi la maji: bomba likikatika kidogo, nyumba inaendelea kuoga. Nimesoma vitabu baada ya hapo, na nyinyi mmenionyesha video kwenye simu zenu, lakini sijapata maelezo yaliyonifaa kuliko hayo. Mungu amrehemu. Kila shilingi niliyowahi kulisha watoto wangu ilipitia kwenye mlango ule na tangi lile.

Mteja akija dukani kwa Ami Seif hakuweza kununua kapasita hivi hivi.

"Ami, nipe kapasita."

"Ya kukaa wapi?"

"Kwenye redio."

"Redio ni mji mzima. Mtaa gani?"

Basi mteja anarudi nyumbani kuleta redio yenyewe, ananung'unika njia nzima. Mimi niliona anafukuza biashara. Baadaye nikaelewa kwamba ukimuuzia mtu kapasita bila kujua inakaa wapi, umemuuzia namba tu. Njia ya umeme inataka kapasita yenye nafasi juu: umeme ukiwa volti thelathini na tano, weka ya hamsini, msiweke ya thelathini na tano mkasema zimelingana. Umeme wa huku kwetu unapanda bila kubisha hodi. Na mkiweza kupata ile iliyoandikwa nyuzi mia na tano, chukueni hiyo, muiache ya themanini na tano, kwa sababu joto la Tanga ndani ya boksi la mbao lisilo na matundu si mchezo. Kapasita ikikaa karibu na kile chuma kinachopoza transista itakauka kama samaki wa ng'onda.

Nikitaja ng'onda nakumbuka aibu moja. Nilikuwa sijatimiza mwaka kwa Ami Seif. Palikuwa na harusi nyuma ya duka letu, nikapewa kazi ya kumalizia amplifaya ya shughuli. Nikaipachika kapasita kubwa kinyume, ule mstari wenye alama ya kutoa nikauelekeza kwenye kujumlisha. Nikawasha mbele ya wanawake waliokuwa wanapika. Ilikaa kimya kama dakika mbili, halafu ikalia *pa!*, vipande vya karatasi vikamwagikia kwenye sinia la vitunguu, na harufu ikatanda kama samaki aliyesahauliwa juani. Mama mmoja mnene, upawa mkononi, akanitazama.

"We fundi, tumekuita utuletee muziki. Papa tunaye wenyewe."

Mpaka naondoka kwa Ami Seif walikuwa wananiita Fundi Papa. Ami Seif hakunikata mshahara. Alinipa kapasita ishirini za zamani na kalamu ya rangi nyekundu, nikapaka upande wa kujumlisha wa kila moja. Sijawahi kukosea upande tena mpaka leo.

Jambo jingine alilonifundisha mnalidharau sana siku hizi. Kapasita iliyokaa stoo miaka mingi msiipe umeme wote kwa mara moja. Ipitisheni kwanza kwenye balbu, muiunganishe balbu kwa mfuatano, iwe inapata kidogo kidogo. Balbu itawaka, kisha itafifia. Ikififia ikazima, kapasita imeamka. Ikikataa kuzima, itupeni. Yeye alisema, "Mtu aliyefunga siku nyingi humpi pilau. Unampa uji." Na mkitaka kuiondolea umeme, tumieni balbu hiyo hiyo. Mnaogusisha bisibisi ili itoe cheche wenzenu wawaone mashujaa, subirini, itafika siku mtapewa jibu.

Sasa bei. Ami Seif alitaja bei mbili, daima mbili, na kwa sauti ya kusikika na mtu aliyekaa kwenye benchi. "Kitu bei yake hii, mkono bei yake hii." Kapasita aliiweka juu ya meza, mteja akaishika. Kama ipo ya rahisi na ya ghali, aliweka zote mbili, akaeleza tofauti, akanyamaza. Hakumsukuma mtu. Aliyetaka ya rahisi alipewa ya rahisi, lakini alijua amechukua nini.

Nilipofungua banda langu kwenye njia ya Pongwe, kitu cha kwanza nilichoacha ni hicho. Niliona utaratibu wa kizee. Nikawa nataja bei moja ya mashine kamili. Mteja hajui kapasita ni ngapi, mkono ni ngapi, na mimi ndani ya bei hiyo moja nina uhuru wangu. Vijana wangu, nawaambia nikiwa nimekaa kwenye kiti changu na sidai kitu kwa mtu: uhuru huo ndio ulioniharibu. Sikuanza kwa kutaka kuiba. Nilianza kwa kutaka nisiulizwe maswali.

Aliyenijia alikuwa Bwana Bakari, katibu wa msikiti mmoja mdogo huko Moa. Walitaka amplifaya ya kutengenezwa kwa mkono, itumie betri ya sola, na honi mbili za chuma juu ya paa. Nikamtajia bei.

"Fundi, punguza. Hii kazi ya Mungu."

"Kazi ya Mungu, lakini risasi nanunua dukani."

"Basi tuhesabiane. Kapasita peke yake ngapi?"

"Bwana Bakari," nikamwambia, "ukinunua kuku, unauliza bei ya utumbo?"

Akacheka, watu waliokuwa bandani wakacheka, nami nikajiona hodari. Nikapunguza bei kidogo ili aondoke ameridhika. Kile nilichopunguza, nilishajua pa kukirudishia.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo hata nyinyi mnaweza kulifanya kesho. Honi za chuma hazipendi sauti nzito. Ndani zina utando mwembamba, na mlio mzito ukiusukuma sana unapasuka. Kwa hiyo fundi huweka kapasita kabla ya honi, iwe mlango wa kuzuia zile nzito zisifike. Hilo ni sahihi. Swali ni upana wa mlango. Kwa honi za kawaida na sauti ya mtu mzima, weka ya mikrofaradi mia moja hivi, ile isiyokuwa na upande wa kutoa wala wa kujumlisha. Ni nene, ni ghali, na mara nyingi haipatikani. Usipoipata, chukua mbili za mia mbili na ishirini zenye upande, uziunganishe mgongo kwa mgongo, hasi kwa hasi. Zitakupa kama mia na kumi, na hazitakudai bei ya ng'ombe.

Mimi nilikuwa na pakiti ya kapasita za kumi, zimebaki kwenye kazi nyingine. Na muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimeunguza honi mbili za mtu, nikazilipa kutoka mfukoni. Kwa hiyo nilipopima, niliona kapasita ya kumi ina faida pande zote: mlango mwembamba kabisa, honi hazitaungua maisha, na ile ya mia siinunui. Ningetaka kujitetea ningewaambia ulikuwa woga tu. Ulikuwa woga nusu na tamaa nusu.

Tulipofunga mashine Moa, nikashika maiki nikasema, "Haloo, moja, mbili, tatu, majaribio." Sauti ikatoka safi, kali, ikafika mpaka kwenye barabara ya bodaboda. Watu wakapiga makofi. Lakini sauti yangu, wanaonijua wanajua, ni nyembamba. Shuleni niliitwa Filimbi. Nilijaribu mlango kwa kupitisha mtoto, nikasema ng'ombe atapita.

Muadhini wao alikuwa amesimama pale pale. Mzee Kibwana, mtu wa miaka sabini kasoro, mpana kifuani, mwenye sauti inayoanzia tumboni. Miaka yote alikuwa akiadhini bila mashine, na watu wa ng'ambo ya shamba la mkonge walimsikia. Nikamwambia, "Mzee, nawe jaribu."

"Nijaribu kwa maneno gani?" akaniuliza. Alikuwa anasema lafudhi ya watu wa kale wa huku kwetu. "Adhana haijaribiwi, ntu wangu. Na mimi nikisimama hapa sina maneno mengine."

Wote wakaona ni kweli. Adhana huitwa kwa wakati wake, haichezewi kwa ajili ya fundi. Nilichotakiwa kufanya ni rahisi: kungoja alasiri, nisimame nje nisikilize. Ilikuwa imebaki saa moja na nusu. Nilikuwa na kazi nyingine Tanga, nikachukua pesa yangu nikapanda bodaboda.

Wiki mbili baadaye Bwana Bakari akapiga simu.

"Fundi, mashine ile salama?"

"Salama. Kwani vipi?"

"Sauti ya mzee imebadilika. Inatoka nyembamba, kama mtu aliyebanwa pua. Watu wameanza kucheka, watoto wanamwiga."

"Na ukiongea wewe?"

"Mimi natoka vizuri. Hata kijana wetu Jumaa alitangaza msiba juzi, akatoka kama redio."

Nilijua. Hata kabla hajamaliza kusema nilijua, nikaiona ile kapasita ya kumi kama iko mkononi. Ningeweza kusema, "Nakuja kesho." Badala yake nilisema hivi, na nimeyakumbuka maneno haya kila siku tangu hapo: "Mashine haina kasoro, Bwana Bakari. Labda mzee mwenyewe kifua kimechoka."

Akashusha pumzi. "Hata sisi tulifikiri hivyo. Umri."

Basi. Kamati ikakaa, ikamwambia Mzee Kibwana kwa heshima zote apumzike, Jumaa amsaidie. Kwa kuwa yeye akiwa kwenye maiki alijisikia kifuani mwake sauti ile ile ya siku zote, hakuweza kujua nje kunatoka nini. Na watu wa huku kwetu hawamwambii mzee usoni kwamba sauti yako imekuwa kichekesho. Kwa hiyo hakuna aliyemweleza sawasawa. Alichosikia ni kwamba kifua chake si kizima. Akaingia mwezi wa Ramadhani amekaa safu ya nyuma, Jumaa anaadhini.

Aliyenitoa humo ni Ami Seif. Mfungo ulipokwisha alikwenda Moa kwenye khitma ya ndugu yake, akasali pale msikitini, akasikia habari za mzee na za mashine niliyoifunga. Siku aliyorudi akanituma mtu: njoo, na usichelewe. Nikaenda nikijua naenda kusemwa. Hakunisema. Alikuwa ameweka amplifaya mezani na honi moja uani, na waya mrefu kati yake.

"Kaa uani," akaniambia, "usikilize."

Akabaki ndani akasoma gazeti kwenye maiki, tangazo la mnada wa matrekta. Ami Seif alikuwa na sauti nzito, yenye mikwaruzo. Kwenye honi ilitoka sauti ya mtu mwembamba mwenye hasira, mtu nisiyemjua. Kisha kukawa kimya kidogo, nikasikia anabadilisha kitu. Akasoma tena yale yale, matrekta yale yale, na safari hii alikuwa Ami Seif mwenyewe, kama amekaa nami uani.

Akatoka. Mkononi alishika kapasita mbili, ya kumi na ya mia.

"Umeweka ipi Moa?"

"Ya kumi, ami."

"Ulijua?"

"Mwanzo sikujua. Aliponipigia simu nilijua."

Akakaa kwenye ngazi. "Kapasita mbaya ni kosa la kazi," akasema. "Hilo nimelifanya hata mimi. Lakini ile simu, Athumani, ile huwezi kuibadilisha kwa risasi." Akanitilia kapasita ya mia kwenye mfuko wa shati. "Hii nakuuzia. Bei yake unaijua. Mkono ni wako."

Namshukuru kwa yote aliyonifundisha, lakini zaidi namshukuru kwamba aliniuzia kapasita ile, hakunipa bure. Angenipa bure ningekwenda kama mtumwa wake. Nilikwenda kama fundi anayelipia kazi yake.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Moa. Sikwenda msikitini, nilikwenda nyumbani kwa Mzee Kibwana. Mkewe, Bi Mwanaidi, alikuwa uani anapepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si yule fundi?"

"Ndiye."

"Mzee yuko ndani. Lakini usimchokoze aseme sana. Siku hizi ananong'ona kama mgeni. Hata kuku wakiingia kwenye mchele anawafukuza kwa mkono."

Nilimkuta amekaa mkekani, mbele yake birika la tangawizi. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, nikayaacha. Nikamweleza kama nilivyofundishwa kumwambia mama: kwamba niliweka mlango mwembamba, sauti yake nzito haikuweza kupita, nje ikatoka nusu yake, kwamba niliweka mlango huo kwa woga na tamaa, na kwamba katibu alipoiulizia mashine nilimsingizia yeye.

Hakukasirika. Alikuwa ananitazama mdomo kama mtu anayesubiri neno moja nilirudie.

"Kwa hiyo," akasema kwa mnong'ono, "kifua changu kizima?"

"Kizima, mzee. Hakijawahi kuwa na kasoro."

"Nimekwenda hospitali mara mbili. Wamenipiga picha, wakaniambia sina kitu. Nikajua wananificha." Akamwita mkewe kwa ishara ya mkono, kisha akakumbuka, akafungua kinywa akaita, "Mwanaidi!" Vikombe vikatikisika.

Bi Mwanaidi akaja mbio, ungo bado mkononi.

"Si mgonjwa," mzee akamwambia. "Ni huyu bwana na kidude chake."

Ndipo nikajua kipimo cha nilichofanya. Mimi nilidhani nimemnyang'anya heshima tu. Kumbe Mzee Kibwana alishajiandaa kufa. Alimwita bintiye kutoka Pangani, akamuusia. Shamba lake la muhogo hakulipanda msimu ule kwa sababu hakuona ni nani atakayevuna. Bi Mwanaidi alinieleza hayo akiwa amesimama mlangoni, hakunitukana hata neno moja, na ningependa kuwaambia kwamba nilifarijika. Matusi yangekuwa mepesi zaidi.

Nikamwomba radhi. Akasema, "Radhi nimekupa. Lakini katibu ulimwambia kwa simu, na kijiji kizima kikasikia kwa katibu. Sasa na wewe uwaambie kijiji kizima."

Baada ya sala ya adhuhuri tukaenda msikitini. Bwana Bakari akafungua kabati, nikafungua mashine mbele yake, nikamwonyesha kapasita ya kumi, nikaing'oa, nikaichomea ya mia. Nikaziweka zote mbili kiganjani mwake ashike uzito. Aliitazama ile ndogo, halafu akanikabidhi maiki. Nikasema, na sauti yangu ya filimbi ilipiga kelele juu ya mapaa yote: mimi Athumani, fundi kutoka Tanga, nawatangazia kwamba sauti ya Mzee Kibwana haikuharibika. Mashine niliyowatengenezea ndiyo iliyokuwa mbovu, nililijua hilo nikanyamaza, nikamsingizia yeye. Nawaomba radhi yeye na nyinyi.

Tangu siku ile sijatengeneza mashine bila kubandika karatasi ndani ya mfuniko: kapasita gani nimeweka, ya ngapi, imekaa wapi, bei ya kitu, bei ya mkono. Fundi mwingine akifungua anajua, mwenye mali akifungua anajua. Mara kadhaa nilipoteza kazi kwa sababu ya karatasi hiyo, maana mteja aliona bei ya mkono akasema naringa. Wengi zaidi walirudi. Nanyi fanyeni hivyo. Na mjaribu mashine kwa sauti ya mtu atakayeitumia, mkingoja mpaka wakati wake kama ni lazima. Kwa wale mnaoagiza kapasita za rangi ya dhahabu kwenye mtandao, moja bei ya amplifaya nzima, mkiniambia muziki unang'aa: fungeni macho, mwenzenu abadilishe bila kusema, muone kama mtaijua. Pesa hiyo wekeni kwenye transfoma na matangi. Na waya na miguu ya kapasita ipakeni vanishi, kwa sababu hewa ya chumvi haijali kama kitu ni cha dhahabu.

Ramadhani ile ya Mzee Kibwana siwezi kumrudishia. Hilo sina kapasita yake. Lakini alinipa kitu ambacho sikustahili, aliniruhusu kubaki mpaka mwisho.

Ilipofika alasiri, Jumaa mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, alikwenda safu ya nyuma akamshika mzee mkono akampeleka mbele. Mimi sikukaa ndani. Nilitoka nikaenda mpaka uani kwa Bi Mwanaidi, nikasimama penye kuku, nikangoja.

Honi zikakwaruza kidogo. Kisha ikatoka, nzito, pana, kutoka tumboni, na mabati ya nyumba yakaiitikia. Watu wakatoka milangoni. Bi Mwanaidi alikuwa bado na mchele wake. Akasimamisha ungo hewani, asitikisike, mpaka ilipoisha takbira ya kwanza.

"Haya," akasema, "karudi." Akaendelea kupepeta.